Shahidi ni Yeye Mwenyewe: Jinsi Bajeti Ndogo Ilivyoijenga Filamu ya Detour

Mwanamume mmoja ameketi kwenye mgahawa wa kando ya barabara huko Nevada, ndevu zimemwota, suti imechakaa kwa vumbi la safari, na kahawa iliyo mbele yake inapoa bila kuguswa. Dereva wa lori anatia sarafu kwenye mashine ya muziki, wimbo wa mapenzi unaanza, na mwanamume huyo anamkaripia auzime. Mara taa za mgahawa zinafifia bila sababu yoyote ya kawaida, mwanga unabaki kama utepe juu ya macho yake tu, kikombe cha kahawa kinaonekana kikubwa kupita kiasi mbele ya kamera, na sauti yake inaanza kusimulia. Kuanzia hapo hadi karibu na mwisho wa filamu ya Detour, iliyotoka Marekani mwezi Novemba 1945 ikiwa na urefu wa dakika 68, mtazamaji hana wa kumweleza mambo isipokuwa mtu huyu.

Filamu hii husifiwa mara nyingi kwa sababu ambayo kwa maoni yangu haitoshi, yaani kwamba ilitengenezwa kwa fedha kidogo na bado ikapendeza. Filamu zilizotengenezwa kwa fedha kidogo ni nyingi, na nyingi kati yake zimesahauliwa kwa haki. Linalohitaji kufafanuliwa ni jinsi ukosefu wa fedha ulivyoingia ndani ya hadithi yenyewe, kiasi kwamba kile ambacho kampuni haikuweza kumudu kukionyesha kikawa kile ambacho msimulizi peke yake anatuambia kilitokea. Mtu akishalielewa jambo hilo, mabishano yote kuhusu filamu hii, kuanzia hatia ya mhusika mkuu hadi maana ya mwisho wake, huanza kueleweka.

Hadithi yenyewe ni fupi. Al Roberts ni mpiga piano katika klabu ya usiku jijini New York, na mchumba wake, Sue, anayeimba hapo hapo, anaamua kwenda Hollywood kutafuta bahati. Al, asiye na nauli, anaamua kumfuata kwa kuomba lifti kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Akiwa Arizona anapandishwa na Charles Haskell, mcheza kamari mwenye gari la kifahari lenye paa la turubai, vidonge anavyovimeza mara kwa mara, na mikwaruzo mibichi mkononi aliyoachiwa na mwanamke aliyempa lifti kabla yake. Usiku Al anashika usukani huku Haskell akilala. Mvua inanyesha, Al anasimamisha gari ili afunike paa, anajaribu kumwamsha mwenzake bila mafanikio, anafungua mlango, na Haskell anaanguka nje na kugonga kichwa kwenye jiwe. Amekufa. Al, akiwa na hakika kwamba hakuna polisi atakayeamini maneno yake, anauficha mwili, anachukua nguo, fedha, gari na hata jina la marehemu.

Kesho yake, kwenye kituo cha mafuta, anampa lifti msichana aitwaye Vera. Msichana anasinzia. Al anamtazama na kuanza kumwonea huruma, na ghafla Vera anafumbua macho, anageuka, na kumuuliza mwili wa mwenye gari ameuacha wapi. Ndiye yule aliyemkwaruza Haskell. Kuanzia hapo Al ni mateka wake. Wanapanga nyumba Hollywood kwa jina la Haskell, na Vera akisoma gazetini kwamba baba yake Haskell, tajiri ambaye hajamwona mwanawe kwa miaka mingi, yuko mahututi, anamtaka Al ajifanye mrithi. Wanagombana, wanalewa, Vera anakimbilia chumbani na simu akitishia kupiga polisi, anajifungia, anajitupa kitandani huku waya umemzunguka shingoni. Al, akiwa upande wa pili wa mlango, anauvuta waya kwa nguvu ili aukate. Anapouvunja mlango anamkuta amekufa.

Watu wawili wamekufa mikononi mwa mtu mmoja katika siku chache, na kwa maelezo yake mwenyewe hakumwua hata mmoja. Tutarudi hapo.

Kwanza ni lazima kueleza filamu ya namna hii ilitoka wapi. Katika miaka ya 1930, mdororo mkubwa wa uchumi ulipopunguza watazamaji, majumba ya sinema ya Marekani yalizoea kuwapa wateja filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa ya gharama kubwa, yenye mastaa, na jumba la sinema liliilipia kwa kugawana mapato na kampuni. Ya pili ilikuwa ya kujazia, ikijulikana kama filamu ya daraja la B, na kwa kawaida ilikodishwa kwa bei iliyopangwa tangu awali, wajae watazamaji au wasijae. Matokeo ya utaratibu huo yalikuwa wazi kwa kila mhasibu: kwa kuwa mapato ya filamu ya pili yalijulikana kabla haijapigwa, njia ya pekee ya kupata faida ilikuwa kubana matumizi. Kampuni ndogo zilizoishi kwa biashara hiyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilipachikwa jina la jumla lenye maana ya Mtaa wa Mafukara, na miongoni mwao iliyokuwa karibu na mkia ni Producers Releasing Corporation, iliyofahamika kwa kifupi kama PRC. Hiyo ndiyo iliyotengeneza Detour, chini ya mtayarishaji Leon Fromkess, kutokana na riwaya ya Martin Goldsmith ya mwaka 1939, ambaye pia ndiye aliyeandika muswada wa filamu.

Hapa ipo hekaya inayopaswa kuwekwa mahali pake. Mwongozaji wa filamu, Edgar G. Ulmer, alipenda kusema katika uzee wake kwamba aliipiga kwa siku 6, na tangu hapo maneno hayo yamerudiwa mpaka yakawa kama hati ya mahakama. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwenye kumbukumbu za kampuni na mikataba ya waigizaji unaonyesha kwamba kazi ilichukua muda mrefu zaidi ya huo, na kwamba gharama zilizidi dola 100,000. Kwa viwango vya Hollywood bado huo ulikuwa ufukara, lakini ni ufukara wa kawaida wa kazi ya daraja hilo. Inavutia kwamba filamu kuhusu mtu anayetia chumvi kwenye maelezo yake mwenyewe imezungukwa na maelezo yaliyotiwa chumvi na mtu aliyeitengeneza.

Ulmer hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa mwaka 1904 Olomouc, mji ambao wakati huo ulikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria, akakulia Vienna, akajifunza kazi katika ulimwengu wa tamthilia na sinema ya Ujerumani. Alifika Hollywood, na mwaka 1934 akaiongozea kampuni ya Universal filamu ya kutisha iliyofanya vizuri sokoni. Mlango ulikuwa umefunguka. Kisha akampenda Shirley, aliyekuwa mke wa mpwa wa mkuu wa kampuni hiyo hiyo, wakaoana, na milango ya kampuni kubwa ikafungwa. Kwa miaka iliyofuata alifanya kazi pembezoni, akiongoza hata filamu za lugha ya Kiyidi na Kiukraini kwa ajili ya wahamiaji, kabla ya kutua PRC. Kwa hiyo Detour iliongozwa na fundi aliyejua vizuri jinsi kazi inavyofanywa mahali penye fedha, na ndiyo maana njia zake za mkato hazifanani na za mtu asiyejua anachokikosa.

Chukua tukio la Al na Sue wakitembea usiku New York. Kujenga mtaa wa New York studioni kunahitaji majengo, madirisha, magari na watu wa kupita. Ulmer aliujaza ukumbi ukungu wa kutengenezwa. Wapenzi wanatembea ndani ya weupe ambamo hakuna kinachoonekana isipokuwa nguzo za majina ya mitaa zinazojitokeza na kupotea, na tunaelewa kwamba wametembea mbali. Mhasibu angefurahi. Lakini tazama kinachosemwa ndani ya ukungu huo: Sue anamwambia kwamba anaondoka, kwamba ndoa isubiri, huku Al akinuna. Sauti ya msimulizi imetuambia kwamba hayo yalikuwa mapenzi makubwa na siku za furaha. Macho yetu yanaona mwanamke aliyechoka na mwanamume mwenye uchungu, wamezungukwa na ukungu. Je, New York haionekani kwa sababu PRC haikuwa na fedha, au kwa sababu Al haikumbuki, au kwa sababu anatukumbushia anachotaka tukione? Filamu inaruhusu majibu yote matatu.

Simu ya masafa marefu ni mfano ulio wazi zaidi. Al anampigia Sue kumwambia anakuja. Tunaona picha za waya na waendesha mitambo ya simu, ambazo ni za kuokotezwa, kisha tunamwona Al akizungumza kwa furaha. Sue anaonekana ameshika simu sikioni, lakini hatumsikii akijibu. Mazungumzo yote ni ya upande mmoja. Vivyo hivyo safari ya Al: badala ya kupiga picha nchi nzima, filamu inaonyesha ramani, na matukio mengi ya garini yamepigwa studioni, gari likiwa limesimama huku barabara iliyorekodiwa kabla ikirushwa kwenye skrini nyuma ya vioo. Waigizaji hawaendi popote. Mtazamaji akizoea hali hiyo, anaanza kuhisi kwamba Al naye haendi popote, kwamba jangwa lile linalokimbia nyuma ya kichwa chake ni picha aliyoirusha mwenyewe.

Upo mkato mwingine ambao msomaji wa Afrika Mashariki ana nafasi ya kipekee ya kutouona kabisa. Katika picha za Al akiomba lifti, mkanda uligeuzwa, kulia kukawa kushoto, kwa hiyo magari yanakwenda upande wa kushoto wa barabara na dereva ameketi kulia, katika nchi ambayo kila mtu huendesha upande wa kulia. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba Al anaelekea magharibi, na kwa jicho lililozoea ramani, kwenda magharibi ni kwenda kushoto mwa skrini. Picha zilipokuwa zimepigwa zikielekea upande usiofaa, ilikuwa rahisi kuzigeuza kuliko kuzirudia. Mtazamaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ataona barabara ya kawaida tu. Wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi ndiye atakayeshtuka. Nakiri kwamba mara ya kwanza sikuona chochote, na niliposoma habari hiyo nilirudi kuangalia nikidhani naonewa.

Sasa turudi kwa vifo viwili. Jambo linalosahaulika kirahisi ni kwamba sinema ina nguvu ya kutufanya tuamini tulichoambiwa kwa sababu tumekiona. Tumemwona Haskell akianguka na tumeuona waya ukivutwa chini ya mlango, kwa hiyo tunajihesabu kuwa mashahidi. Lakini picha hizo zote zimo ndani ya usimulizi wa Al, na hakuna hata moja iliyochukuliwa akiwa hayupo nyumbani humo au garini. Tukizitoa, tunabaki na mambo ambayo hakimu yeyote angeyaandika kwa dakika mbili: mtu asiye na fedha alipewa lifti na mtu mwenye fedha, mwenye fedha akafa, asiye na fedha akavaa suti yake, akachukua pochi yake na kuendesha gari lake, mwanamke pekee aliyejua habari hiyo naye akafa, kwa kunyongwa, ndani ya nyumba waliyokuwa wawili tu.

Ukisikiliza kwa makini, Al hasimulii kama mtu anayekumbuka. Anasimulia kama mshtakiwa anayejitetea. Mara kadhaa anakatiza hadithi ili kumsemesha msikilizaji moja kwa moja, akisema kwamba anajua hataaminiwa na kwamba yeyote mwingine angefanya kama yeye. Kwa nini mtu ambaye hajashtakiwa ajibu mashtaka? Tena kila hatua yake mbaya ina mwingine wa kubeba lawama: Sue aliondoka, Haskell alilala, mvua ilinyesha, Vera aliamka, na juu ya wote ipo Ajali, nguvu isiyo na uso, ambayo kwa maneno yake inaweza kumnyooshea mtu kidole bila sababu yoyote. Watazamaji wengi huyapokea maneno hayo kama falsafa ya filamu. Mimi nayasoma kama utetezi wa Al, na hata kama hakuua, utetezi huo una kasoro: hakuna Ajali iliyomlazimisha kuchukua ile pochi, wala hakuna iliyomlazimisha kumpandisha Vera kwenye gari la marehemu.

Si lazima kufika mbali hadi kusema kwamba alikusudia kuua. Wapo wahakiki wanaosema hivyo, na wapo wanaoamini kila neno lake. Filamu haiwapi ushindi wowote kati yao, kwa kuwa haina kamera ya pili. Laiti ingekuwa na bajeti ya kawaida, huenda tungepata mpelelezi mwenye ofisi, mashahidi wa kituo cha mafuta, daktari anayeuchunguza mwili wa Haskell na kutuambia vile vidonge vilikuwa vya ugonjwa gani. Kila mmoja wao ni mwigizaji wa kulipwa na chumba cha kujengwa. Kila mmoja wao pia angekuwa shahidi wa kumthibitisha Al au kumkana. Kwa kuwafuta wote, PRC ilibana fedha, na bila shaka bila kukusudia ikaliacha jopo la watazamaji likae na mshtakiwa peke yake.

Kitu pekee kinachompinga Al ndani ya hadithi yake mwenyewe ni Vera, na hilo ni kwa sababu ya Ann Savage, mwigizaji aliyemwigiza. Mwanamke mtego wa filamu za jinai za wakati huo kwa kawaida huvaa vizuri, huongea polepole na huficha anachotaka. Vera hafichi kitu. Nywele zake zimevurugika, anakohoa, anaamrisha, anabweka kila sentensi, na katikati ya ukali huo zinapita nyakati fupi anapoonekana mpweke kiasi cha kutisha, anapomwekea Al mkono begani na Al anaukwepa. Baada ya kifo chake kamera inafanya jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri zaidi na kampuni tajiri: inazunguka chumba katika pigo moja refu, yaani picha moja isiyokatwa, ikitulia kwenye kitu, picha ikififia na kuwa ukungu, ikisogea, kisha ikikaza tena kwenye kitu kingine, chupa, vitu vya kujipambia, simu, hadi kumrudia mwanamume aliyesimama. Pigo moja linagharimu kidogo kuliko mapigo kumi. Vilevile ndivyo anavyoona mtu ambaye akili inakataa kutulia juu ya alichokifanya.

Jina la aina hii ya filamu halikutolewa Hollywood. Mwaka 1946, filamu za Marekani zilizozuiwa wakati Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani zilifika Paris kwa pamoja, na wahakiki, mmoja wao Nino Frank, wakaona kwamba hadithi za jinai zilikuwa zimebadilika: giza limeongezeka, msimulizi anaongea akiangalia nyuma, na yule ambaye mtaani kwetu huitwa steringi hana tena uhakika wa kupona. Wakaziita filamu nyeusi. Waliotengeneza Detour hawakujua kwamba wanatengeneza filamu nyeusi. Walijua wanatengeneza filamu ya pili ya tiketi. Giza, ambalo baadaye lilifundishwa vyuoni kama mtindo, lilikuwa pia njia ya kuficha ukuta ambao haukujengwa.

Kuhusu Tom Neal, aliyeigiza Al, husemwa mengi kwa sababu mwaka 1965 alishtakiwa kwa kumuua mkewe kwa risasi, na mahakama ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 6. Mfanano huo unashtua, lakini hauelezi lolote kuhusu filamu iliyopigwa miaka 20 kabla yake, na makala nyingi zimeutumia kupita kiasi.

Uhai wa filamu wenyewe uliendelea kwa njia za kimaskini. Hakimiliki yake haikuhuishwa, ikawa mali ya umma, na kwa miongo mingi yeyote aliyekuwa na nakala aliirusha kwenye televisheni au kuiuza kwenye kanda, nakala juu ya nakala, hadi watu wakaamini kwamba mikwaruzo na michirizi ilikuwa sehemu ya mtindo wake. Mwaka 1992 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 2018 ikatoka nakala iliyokarabatiwa, kwa kutegemea sana nakala iliyohifadhiwa Ubelgiji, ambayo ilikuwa na tafsiri za maandishi chini ya picha na ikabidi zifutwe fremu kwa fremu. Nakala safi ilionyesha kwamba kazi ya mpiga picha Benjamin H. Kline ilikuwa nadhifu kuliko ilivyodhaniwa.

Limebaki suala la mwisho wa filamu, ambalo huwachanganya wengi. Tangu mwaka 1934, kanuni za maadili za Hollywood zilitekelezwa kwa ukali na ofisi ya Joseph Breen, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba mhalifu asiachwe atoroke. Riwaya haikuwa na kizuizi hicho. Filamu ilikuwa nacho. Kwa upande wa hadithi, Al amenasa mahali pa ajabu: mwili wa Haskell umechukuliwa kuwa ni wake, kwa hiyo Al Roberts ni marehemu, naye Haskell, ambaye kweli ni marehemu, anatafutwa kwa kifo cha Vera. Hawezi kurudi kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Basi anatoka mgahawani, anatembea gizani kando ya barabara, na sauti yake inasema kwamba kuna jambo moja ana uhakika nalo: ipo siku gari litasimama kumchukua bila yeye kuomba lifti. Sentensi hiyo iko katika wakati ujao. Papo hapo gari la polisi linasimama, mlango unafunguliwa, anaingia bila kubisha. Ofisi ya Breen iliona mhalifu amekamatwa. Anayesikiliza nyakati za vitenzi anaweza kuona mtu anayefikiria kukamatwa, huku bado anatembea. Hata tukikubali kwamba gari ni la kweli, mlango unafungwa na gari linaondoka, na hatumsikii akiwaambia askari hata neno moja kati ya yote aliyotuambia sisi.